Uwanja wa Ndege wa Baiyun, Guangzhou: Mwongozo wa Kuingia na Kutoka

Anayefuata mzigo China kwa mara ya kwanza huhofia lugha kuliko kitu kingine chochote. Kwa Baiyun hofu hiyo haina msingi. Mabango yana Kiingereza chini ya Kichina, mishale ni mikubwa, na ukiufuata umati ulioshuka nao utafika unakotakiwa kufika. Kinachomkwamisha mtu pale ni vitu alivyoviacha nyumbani: anwani ya hoteli isiyo na herufi za Kichina, simu isiyo na programu ya malipo, dola nyingi mfukoni na hajui zinatakiwa kutangazwa. Ndiyo maana hatua za mwanzo za mwongozo huu unazifanyia Dar, Nairobi, Kampala au Bujumbura, wiki moja au mbili kabla ya safari. Ukizimaliza hizo, zilizobaki ni kutembea na kusubiri foleni.

Kwanza uwanja wenyewe. Baiyun ya sasa ilifunguliwa tarehe 5 Agosti 2004 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani uliokuwa umezingirwa na nyumba za watu. Uko kaskazini mwa Guangzhou, kama kilomita 28 kutoka katikati ya jiji. Terminal 2 ilifunguliwa Aprili 2018, na Terminal 3 ikafuata tarehe 30 Oktoba 2025 pamoja na njia ya tano ya kurukia ndege. Kwa ukubwa, inatosha kusema kwamba mwaka 2020, korona ilipovifunga viwanja vingi vya dunia, Baiyun ndiyo iliyoongoza kote kwa idadi ya abiria, zaidi ya milioni 43. Kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi utaona herufi CAN. Huo ndio msimbo wake, unaotokana na Canton, jina ambalo wageni walizoea kuuita mji huu zamani. Usishtuke ukidhani begi lako limeandikiwa Kanada.

Kutoka kwetu, Air Tanzania huruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. China Southern, ambao Baiyun ndiyo nyumbani kwao, na Kenya Airways hutoka Nairobi. Wengine hupitia Addis Ababa kwa Ethiopian, Dubai kwa Emirates au Doha kwa Qatar Airways.

Hatua ya 1: Isome viza yako, usiitazame tu

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo wote wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Siku hizi mitandaoni watu wanasambaza habari za kuingia China siku kumi bila viza kwa anayepita kwenda nchi nyingine. Utaratibu huo wa saa 240 upo kweli, lakini una orodha ya nchi zake, na hakuna hata moja ya Afrika. Usimruhusu wakala wa tiketi akuambie vinginevyo.

Ukishapata stika kwenye pasipoti, angalia mambo matatu. La kwanza ni idadi ya safari unazoruhusiwa kuingia. La pili ni tarehe ya mwisho ya kuingia. La tatu ni siku unazoruhusiwa kukaa kila unapoingia. Watu wengi huchanganya la pili na la tatu. Viza inaweza kuwa na tarehe ya mwisho miezi mitatu mbele, lakini siku za kukaa zikawa 30 tu, na hizo 30 huanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kuingia. Ukizipitisha, sheria yao inataja faini ya yuani 500 kwa kila siku, hadi yuani 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Na mahali pa kugundulika ni hapohapo Baiyun unapoondoka, begi limeshapakiwa na ndege inaita. Ukiingia kwa viza ya safari moja na ukatamani kwenda Hong Kong kutazama simu, ujue umetoka China; kurudi Guangzhou kunataka safari ya pili kwenye viza.

Kadi ya njano ya homa ya manjano ibebe, hata kama mwenzako alipita bila kuulizwa. Inaweza kutakiwa wakati wa kuingia, na unaporudi Tanzania itakuhusu ukiwa umesubiri zaidi ya saa 12 katika nchi kama Kenya au Ethiopia.

Hatua ya 2: Andaa simu ukiwa bado una WhatsApp

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ndani ya China, WhatsApp, Google, Gmail, Facebook na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko. Ramani ya Google uliyoizoea pia imo humo. Ukitua ukiwa na laini ya nyumbani iliyofunguliwa huduma ya nje, data yake kwa kawaida hupitia mtandao wa nyumbani na programu zako zitaendelea kufanya kazi, ila gharama yake inauma. Wengi sasa hununua eSIM ya safari, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuchomeka, kabla ya kuondoka. Nayo hupita vivyo hivyo, kwa bei nafuu zaidi. Hakikisha tu simu yako inaikubali, kwa sababu simu nyingi za bei ya chini hazina eSIM. Intaneti ya bure ya uwanjani ipo, lakini hutaka kuthibitisha wewe ni nani kwa namba ya simu au kwa pasipoti, na hata ukiunganishwa WhatsApp haitafunguka. Usiitegemee kumtafuta mwenyeji wako.

Pakua WeChat, programu ya ujumbe wanayoitumia Wachina, ukiwa nyumbani. Kuna sababu ya kusisitiza hili: akaunti mpya mara nyingi huomba mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo wa QR kwenye simu yako. Kariakoo au River Road utampata mtu huyo ndani ya dakika tano. Ukiwa umesimama kwenye foleni ya uhamiaji hutampata. Wauzaji wote utakaokutana nao sokoni watataka kukuingiza WeChat, kwa hiyo hata kama uwanja usingekuwa na haja nayo, biashara inayo.

Pakua na Alipay, programu ya malipo ya China, jisajili kwa pasipoti, kisha unganisha kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard. Muamala usiozidi yuani 200 haukatwi ada na Alipay. Ukizidi hapo hukatwa asilimia 3. Ipigie benki yako simu uwaambie unakwenda China, la sivyo mfumo wao utadhani kadi imeibwa na kuifunga siku ileile unapoihitaji. Ndani ya Alipay kuna huduma ya kuita teksi ya DiDi na ya kulipia treni za jijini, na zina Kiingereza. Fanya jaribio la kuifungua kabla ya safari. Kuona tu kadi imekubaliwa kunatosha.

Kisha piga picha skrini ya vitu hivi na uvihifadhi kwenye simu pale ambapo havihitaji intaneti: jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, namba ya simu ya hoteli, tiketi ya kurudi, barua ya mwaliko kama unayo. Anwani kwa herufi za Kilatini haimsaidii dereva wa teksi, hata uitamke vizuri namna gani. Ichukue kwenye ukurasa wa hoteli au mwombe mwenyeji wako akutumie. Halafu chapisha karatasi moja yenye hayo yote, maana simu huzima.

Hatua ya 3: Pesa taslimu na tamko lake

Wafanyabiashara wetu wengi bado hubeba dola mkononi, na mimi siwalaumu, ingawa zama za kubeba zote zimepita. Jambo wasilojua wengi ni kwamba sheria ya China inakutaka utangaze forodha unapoingia na fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000. Kutangaza si kutozwa ushuru. Unajaza fomu, wanagonga muhuri, unabaki na nakala yako.

Faida ya nakala hiyo huonekana siku ya kuondoka. Mtu anayetoka China na zaidi ya dola 5,000 taslimu anatakiwa aonyeshe kibali cha benki, au tamko alilolifanya alipoingia. Tuseme umeingia na dola 12,000 kununua vitenge, ukatumia 4,000 kwa sababu kiwanda kimekuangusha, unarudi na 8,000. Ukiwa na lile tamko, pesa ni yako na unapita. Usipokuwa nalo, utakuwa unaeleza kwa mkalimani wa simu pesa hizo zimetoka wapi. Kwa hiyo zaidi ya dola 5,000, pita njia nyekundu ya forodha, ya wenye vitu vya kutangaza, na utangaze. Yuani nazo zina kikomo: usiingie wala kutoka na zaidi ya 20,000 taslimu.

Dola zako ziwe noti kubwa, mpya na safi. Kubadilisha kwa bei nzuri utafanya benki mjini ukiwa na pasipoti mkononi. Vibanda vya uwanjani hukata zaidi. Pale uwanjani badilisha kiasi kidogo tu cha nauli na chakula, au toa yuani kwenye mashine ya benki inayoonyesha alama ya kadi yako.

Hatua ya 4: Begi

Zawadi za nyumbani ndizo huleta matatizo. Nyama kavu, mayai, maziwa na bidhaa zake, matunda mabichi, mbegu na miche haviruhusiwi kuingia. Mbwa wa forodha na mashine za mionzi hawasinzii, na begi lililowekewa alama hufunguliwa mbele yako. Pombe kali mwisho lita 1.5, sigara mwisho 400.

Miraa, au mirungi, au khat kwa jina lolote utakaloiita, China ni dawa ya kulevya kisheria. Haijalishi kwamba Meru au Isiolo inauzwa barabarani. Usibebe hata kishada cha kujitafunia njiani. Na sheria ya China kwa wasafirishaji wa dawa kama heroini na kokeni inafika hadi hukumu ya kifo, kwa raia na mgeni sawasawa. Mtu akikuomba umbebee kibegi au pakiti ya dawa za kienyeji kwa ndugu yake Guangzhou, mwambie begi limejaa. Akikasirika, akasirike. Pembe za ndovu, magamba ya kakakuona na bangili zilizotengenezwa navyo ni kesi nyingine kubwa, hata kama ni kito cha urithi.

Hatua ya 5: Kadi ya kuingia, alama za vidole, dirisha la uhamiaji

Tangu tarehe 20 Novemba 2025 kadi ya kuingia inajazwa mtandaoni kabla ya safari, bila malipo, kwenye tovuti ya mamlaka ya uhamiaji ya China. Ukishindwa, unaweza kuijaza ukifika kwa kuskani msimbo wa QR au kwa karatasi ya kawaida. Jaza nyumbani. Fomu ya afya ya enzi za korona iliondolewa Novemba 2023, kwa hiyo anayekutoza pesa kukujazia anakuibia.

Ukishuka, fuata mabango ya wanaowasili safari za kimataifa. Utakutana kwanza na mashine za alama za vidole, zimepangwa ukutani. Weka pasipoti kwenye kioo, kisha ufuate maelekezo ya mashine. Weka vidole vinne vya mkono mmoja, kisha vya mwingine, halafu dole gumba zote mbili. Wenye miaka kati ya 14 na 70 ndio wanaochukuliwa. Mashine ikigoma, na hugoma kwa mikono mikavu au iliyofanya kazi ngumu, usihangaike nayo mara kumi. Nenda kwenye foleni, ofisa ana kifaa chake dirishani.

Dirishani toa pasipoti na uvue kofia na miwani. Maswali ni machache na yanafanana: umekuja kufanya nini, unakaa wapi, siku ngapi, tiketi ya kurudi iko wapi, umebeba pesa kiasi gani. Jibu fupi linalolingana na viza yako. Mwenye viza ya biashara anayesema amekuja kutembea anajitafutia chumba cha mahojiano. Ukipelekwa pembeni, usipandishe sauti. Toa ile karatasi yako iliyochapishwa, wapigie hoteli mbele yao. Pasipoti za Afrika huchunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine pale, hilo kila mfanyabiashara wa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambako wengi wetu hufikia, atakwambia, na linaudhi. Hesabu muda huo tangu mwanzo: usimpangie mwenyeji wako akupokee nusu saa baada ya ndege kutua. Saa moja na nusu ni makadirio ya haki, na zaidi ya hapo wakati wa Maonyesho ya Canton, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957 na huanza 15 Aprili na 15 Oktoba. Siku hizo hoteli nazo hupandisha bei vibaya.

Kama unaunganisha ndege ya ndani, kwa mfano kwenda Yiwu, uhamiaji na forodha unavimalizia hapa Guangzhou. Chukua begi lako, pita forodha, kisha ulikabidhi tena kaunta ya safari za ndani. Acha saa tatu kati ya ndege hizo mbili, na kama ni tiketi mbili tofauti, acha nne. Halafu kuna pawabenki: tangu tarehe 28 Juni 2025 safari za ndani ya China haziruhusu pawabenki isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China. Nyingi tulizonunua nyumbani hazina.

Hatua ya 6: Kutoka uwanjani

Ukivuka mlango wa kioo utawakuta wapiga debe. Hawana tofauti na wa stendi ya zamani ya mabasi ya Ubungo, Dar, ila hawa watakuita "rafiki" kwa Kiingereza, na wengine wameokota Kiswahili cha kutosha kukuambia "mambo". Pita. Teksi halali zina foleni yake nje, inayosimamiwa na watu wenye sare, na dereva huwasha mita. Hadi Xiaobei au Sanyuanli, ambako wengi wetu hufikia, nauli kwa kawaida huzidi yuani 100 kidogo, pamoja na ada ya barabara. Mwonyeshe dereva anwani ya Kichina. Hakuna haja ya kuongea.

Treni ya chini ya ardhi haizidi yuani 10. Stesheni ya Laini ya 3 iliyo chini ya Terminal 2 inaitwa Airport North, ya Terminal 1 ni Airport South. Terminal 3 iko mbali na hizo mbili, mashariki. Ukitokea huko panda kwanza basi la bure linalozunguka kati ya majengo. Kwenda Xiaobei: panda Laini ya 3 hadi Jiahewanggang, badilisha uingie Laini ya 2 hadi Guangzhou Railway Station, badilisha tena Laini ya 5, kituo kinachofuata ndicho Xiaobei. Wa Sanyuanli wanashuka kwenye Laini ya 2, kituo kimoja kabla ya Guangzhou Railway Station. Mashine ya tiketi ina kitufe cha Kiingereza na itakupa kidonge cha plastiki cha duara. Unakigusisha unapoingia, unakitumbukiza unapotoka. Mabegi yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi, kila unapoingia kutoka nje.

Sasa uamuzi. Ukiwa peke yako, mchana, na begi moja, panda treni. Ukiwa na mabegi mawili makubwa, au umefika usiku karibu saa tano ambapo treni zinakaribia kufunga, au mko watatu, chukueni teksi mgawane. Na usijaribu Laini ya 3 na mizigo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Wenyeji wenyewe wanailalamikia kwa msongamano, na begi lako la kilo 23 halitawafurahisha.

Hoteli itakuandikisha polisi kwa pasipoti yako. Ukifikia kwa ndugu au rafiki kwenye nyumba ya kupanga, ni jukumu lako kwenda naye kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 mkajiandikishe. Ukipuuza faini inaweza kufika yuani 2,000. Lifanye siku hiyohiyo. Na ile pasipoti usiifungie chumbani, mgeni anatakiwa kutembea nayo.

Hatua ya 7: Siku ya kurudi

Anza na saa. Guangzhou iko saa tano mbele ya Dar, Nairobi na Kampala, saa sita mbele ya Bujumbura na Kigali, na tiketi huandikwa kwa saa 24. Ndege ya 00:40 tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, saa sita na dakika arobaini, kwa hiyo uwanjani unatakiwa tarehe 11 kabla ya saa tatu na nusu usiku. Kila msimu kuna mtu anayekuja tarehe 12 jioni na mabegi yake.

Angalia jengo. Baada ya Terminal 3 kufunguliwa mashirika kadhaa yamehamishwa, kwa hiyo usifuate alichokuambia aliyesafiri mwaka juzi. Soma tiketi, kisha uthibitishe kwenye tovuti ya shirika siku moja kabla.

Mizigo ndiyo habari yenyewe ya njia hii. Pima hotelini, si kaunta. Mzani wa mkono wa kuning'iniza ni rahisi sana sokoni, ununue siku ya kwanza. Mashirika mengi ya njia hii hutoa mabegi mawili ya kilo 23, lakini soma tiketi yako, maana nauli za bei ya chini zina masharti yake. Begi moja likizidi kilo 32 halipokelewi kabisa kama mzigo wa abiria, hata ulipie. Litafunguliwa na kugawanywa sakafuni mbele ya watu. Ukiona una zaidi ya mabegi yako na moja la ziada, kilo za juu zitakuwa ghali kuliko faida ya bidhaa. Mpe wakala wa mizigo mjini, kwa kilo ukitaka kwa ndege, au kwa CBM, yaani mita ya ujazo, ukitaka kwa meli. Zile jezi na viatu bandia vyenye nembo za watu havina usalama popote, wala kwenye begi wala kwenye kontena.

Betri zina sheria kali. Pawabenki na betri zisizofungwa ndani ya kifaa huenda kwenye begi la mkononi tu. Uwezo wake uwe umeandikwa juu na usomeke, ukifutika, wanaichukua. Mwisho ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, hiyo inapita; ya mAh 30,000 inazidi, na itakuhitaji kibali cha shirika. Umenunua pawabenki hamsini za kuuza? Hizo si mzigo wa abiria. Kiberiti cha gesi usiwe nacho kabisa, mkononi wala chini. Ukiacha pawabenki ndani ya begi la kupakia utaitwa kwa jina kwenye chumba cha ukaguzi ulifungue mwenyewe, kwa hiyo usikimbilie uhamiaji mara tu baada ya kaunta. Subiri kama dakika kumi karibu na hapo.

Kurudishiwa kodi: wachache wetu huitumia, kwa sababu maduka ya jumla hayamo kwenye mpango huo. Lakini ukiwa umenunua kompyuta au simu kwenye duka kubwa lenye alama ya kurudisha kodi, yuani 200 au zaidi kwa siku moja duka moja, waombe fomu na risiti rasmi palepale. Kiwango ni asilimia 11 na wakala hukata 2, inabaki 9. Kwa simu ya yuani 6,000 hiyo ni 540, siyo haba. Bidhaa uionyeshe forodha kabla hujakabidhi begi, ikiwa haijatumika, wagonge muhuri; pesa unachukua ukishavuka uhamiaji. Yote haya yanataka saa moja ya ziada.

Kaunta wakifunga lebo kwenye begi, isome kabla halijaondoka kwenye mkanda: DAR, NBO, EBB, BJM, KGL. Ukipitia Addis au Dubai hakikisha herufi za mwisho ni za nyumbani na si za kituo cha kati. Vipande vya lebo gundisha nyuma ya pasipoti, vyote, kimoja kwa kila begi.

Ukishapita ukaguzi utakuta mashine za maji ya moto na ya uvuguvugu, bure. Beba chupa tupu. Mageti ya mwisho yako mbali, kutembea dakika 15 hadi 20 si ajabu, na geti linaweza kubadilishwa, kwa hiyo angalia ubao mara ya pili kabla hujakaa kula. Yuani zilizobaki, kama ni chache, ziweke kwenye bahasha ya safari ijayo. Noti kubwa badilisha kabla ya kuondoka, maana nyumbani si kila duka la kubadilisha fedha hupokea yuani, na linalozipokea hukupa bei yake.